Kiti cha Aliyelowa

Siku ya Mtakatifu Daudi, sikukuu ya kwao, Wawelisi waliovuka bahari kufuata migodi ya bati ya bonde la Kinta, jirani na Siam, huwa hawajui joto. Jua la Ipoh linaweza kukaanga yai kwenye boneti ya gari, na Parri Tarumbeta aliapa kwamba aliwahi kulikaanga, akalila na mkate, na moto ukabaki wa kuchemshia chai. Lakini ikifika siku hiyo wanaume hutinga suti za sufu, wanawake hujifunga shali za sufu, wote hujifungia ndani ya ukumbi wa klabu wakanywa supu ya moto ya mbuzi, maana kondoo hapatikani. Mtu akizirai huambizana kwamba amezidiwa na kumbukumbu za nyumbani.

Tegwen Probert hakuwa na hamu ya supu. Alisimama mbele ya kioo cha chumba cha wanawake, akabandika daffodili, ua la manjano la kwao, kifuani, akaibandua, akaibandika tena juu kidogo, upande wa moyo. Ua lenyewe alilishona usiku kwa kipande cha hariri ya manjano. Wenzake wote walikuwa na maua ya karatasi, ingawa desturi huruhusu pia liki, jani refu la jamii ya kitunguu. Yeye alitaka lake lionekane kutoka safu ya mwisho, karibu na mlango, chini ya ile feni mbovu, kwa sababu huko ndiko alikokaa mtu wake.

"Likionekana, basi," alijiambia. "Mengine Mungu anajua."

Mambo yalipangwa Alhamisi, baada ya mazoezi ya kwaya, nyuma ya ukumbi palipopangwa makreti ya soda. Ithel Breese alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye mtambo wa kuchimba bati, grisi bado imemkaa kwenye kucha, nywele zimemsimama kama ufagio. Fundi mzuri, mkimya, na macho yake ya kijivu yakikutazama unasahau ulichokuwa unasema.

"Nimeandika," alisema.

"Umeandika nini?"

"Shairi la kushindania kiti cha mshairi bora. Nimeshalipeleka."

Tegwen alishika kreti. "Ithel! Jaji ni rafiki wa baba. Atakuangusha kwa makusudi."

"Ataniangushaje na hajui ni mimi? Wote tunatumia majina ya bandia. Mimi ni Aliyelowa. Hakuna anayejua mpaka siku yenyewe, jina litakapoitwa na mwenyewe kusimama."

"Na usiposhinda?"

"Nitashinda. Tuko watatu. Mmoja ni bwana wa benki, ameandika kuhusu benki. Mwingine ni Parri Tarumbeta, ameandika kuhusu mbwa wake."

"Mbwa wake si alikufa?"

"Ndiyo shairi lenyewe hilo. Lina kurasa nyingi, mbwa anachelewa kufa."

Tegwen alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kitabu cha nyimbo. Ithel hakucheka. Alikuwa anamtazama vile alivyomtazama tangu mwaka juzi, mvua ya kwanza ilipomkuta njiani hana mwamvuli. Tegwen hakuwa mtu wa mwamvuli. Bonde zima lilijua hivyo, ila baba yake, ambaye mchana kutwa huwa mgodini. Kwao alizoea kutembea mvuani, na hata huku ambako mvua hushuka kama ndoo imepigwa teke, bado alitembea mvuani, na wauza kahawa wa Kichina walikuwa wakitoka vibarazani kumshangaa.

"Sikiliza, Teg. Nikisimama, baba yako ndiye atakayenishika mkono aniketishe kwenye kiti. Kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya kila Mwelisi wa bonde hili. Hapo hapo nitamwomba anipe wewe."

"Atakukatalia."

"Basi akatae nikiwa nimekaa. Siku zote ananikatalia nikiwa nimesimama mlangoni."

Ubaya wa jambo hili ulikuwa wa zamani, nao haukuwa wa Ithel. Kaka yake, Caradog Breese, ndiye aliyemchumbia Nest, dada mkubwa wa Tegwen, huko kwao. Siku ya harusi kanisa lilijaa, wageni wakaimba wimbo wa kwanza, wa pili, wakarudia wa kwanza, na bwana harusi alikuwa kwenye meli anakula samaki, anaelekea Kanada. Tangu hapo mzee Gwilym Probert aliapa kwamba damu ya Breese haitavuka kizingiti chake. Akapata kazi ya kusimamia migodi huku mbali, akawachukua binti zake wawili wasio na mama, akaona sasa amewaacha akina Breese nyuma ya bahari. Haukupita muda Ithel akashuka kwenye treni ya Ipoh na sanduku la spana. Ndivyo walivyo Wawelisi, mmoja akipata kazi hata mwezini, mwaka wa pili utakuta huko kwaya.

"Lakini sitasimama kama hutaki," Ithel aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Sitaki kukuaibisha. Jumamosi vaa daffodili, nitasimama. Ukivaa liki, nitakaa kimya, na Jumatatu napanda treni. Kampuni inanitaka Phuket, upande wa Siam."

"Phuket hakuna Mwelisi hata mmoja!"

"Ndiyo maana nimekubali."

"Nitavaa daffodili," alisema Tegwen. "Nitavaa kubwa mpaka uone haya."

Akamgusa mkono, grisi ikamwachia alama kwenye kiganja. Hakuiosha mpaka kesho yake.

*

Sasa Jumamosi imefika, na pale mbele ya kioo mlango ulifunguka kwa kishindo. Aliyeingia ni Bi Dilys wa Pini, mke wa mweka hazina, mwanamke ambaye mavazi ya watu wote wa jumuiya yalikuwa mikononi mwake. Inasemekana aliwahi kumkazia mchungaji suruali kwa pini huku mahubiri yanaendelea, na mchungaji hakuruka hata neno. Mkononi alikuwa na kikapu, na uso umemwiva.

"Vueni! Vueni maua yote!" alipiga kelele. "Rangi inachuja! Mke wa bwana wa benki ametoka jasho, sasa anaonekana kama yai limempasukia kifuani. Wanawake wote liki! Liki halichuji."

"Bi Dilys, langu ni la hariri," alisema Tegwen, akilifunika kwa kiganja.

"La hariri, la karatasi, la dhahabu, yote yanaingia humu. Kwaya ni sare, mwanangu. Unataka uwe jogoo peke yako bandani?"

"Tafadhali, mama. Leo tu."

"Hiyo leo tu ndiyo siku ya sare!" Na vidole vyake vilikuwa vimeshachomoa. Daffodili ilitumbukia kikapuni juu ya wenzake waliolowa jasho. Mahali pake likaja liki, zima, refu, na mizizi yake, limetoka milimani kwenye ubaridi asubuhi hiyo na harufu yake ya kitunguu ikampanda Tegwen puani.

Nje ya dirisha mtu alipita amebeba benchi kichwani. Tegwen aliona miguu ya benchi tu.

"Tegwen!" Sauti ya baba yake ilitoka ukumbini. "Msimame mistarini!"

Akatoka. Alijiambia atalificha lile jani chini ya shali. Shali haikufika. Alijiambia atalichomoa akiwa jukwaani. Jukwaani akajikuta safu ya mbele kabisa, katikati, mbele ya macho ya bonde zima. Na kule mwisho, chini ya feni mbovu, Ithel alikuwa amekaa amevaa suti ya kuazima iliyomwacha vifundo vya mikono nje.

Macho yao yalikutana. Ya Ithel yakashuka mpaka kwenye liki. Yakatulia hapo.

Kiti chenyewe kilikuwa pembeni mwa jukwaa, cha mti mgumu wa chengal, kimechongwa na fundi Ah Fook wa mtaa wa nyuma ya soko. Aliagizwa achonge joka jekundu la Welisi. Akachonga joka alilolijua yeye, lisilo na mabawa, lenye sharubu ndefu, linalocheka. Kamati ilikaa kikao kizima juu ya zile sharubu, mwishowe ikaamua kwamba joka nalo likikaa ugenini hubadilika.

Mzee Probert alisimama katikati akiwa na joho jeupe, mrefu, mwenye nyusi za kutisha watoto. Upanga wa sherehe ulifuliwa karakana ya mgodi kwa chuma cha mtambo, na ulikuwa mzito hivi kwamba wazee wawili wa kanisa walimsaidia kuuvuta nusu kutoka alani.

"Je, kuna amani?" aliunguruma, kama desturi inavyotaka kuulizwa mara tatu.

"Amani!" ukumbi ukajibu.

"Je, kuna amani?"

"Amani!"

Mara ya tatu Tegwen alifungua mdomo, sauti haikutoka. Hakuna aliyegundua. Upanga ukarudi alani.

Jaji aliinuka, akafuta miwani. Shairi la benki alilisifu kwa urefu wa mistari. Shairi la mbwa alilisifu kwa upendo wa wanyama, na Parri akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Lakini shairi la tatu," alisema jaji, "nilipolisoma niliweka kikombe chini. Naomba mwenyekiti wetu atusomee ubeti mmoja kwa sauti yake."

Mzee Probert alichukua karatasi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeimba besi maisha yake yote.

*"Mvua ya kwetu nyembamba, hushuka ikinong'ona,*
*Ya huku hupiga bamba, neno lisipate pona,*
*Yeye hutoka kutamba, mwamvuli akiukana,*
*Nani amwambie kwamba nimelowa kwa kumwona?"*

Mahali pa kupumua alikosa pumzi. Alishusha karatasi akatazama juu ya vichwa vya watu. Bi Dilys naye aliinua shingo. Alimtazama Tegwen, akatazama wingu la mvua dirishani, akamtazama Tegwen tena, taratibu, kama mtu anayeanza kujumlisha.

"Huyu," alisema mzee Probert, "ni mwanaume niliyekuwa nikitamani kumpa mkono. Piga tarumbeta, Parri."

Parri akapiga. Nyasi za paa nusura zing'oke, ingawa paa lilikuwa la vigae.

"Aliyelowa! Kama upo kati yetu, simama, usimame peke yako!"

Hakuna aliyesimama. Viti vililalamika, watu wakageuza vichwa kutafutana. Ithel alikuwa ameweka mikono juu ya magoti. Hakuwa anatazama chini wala mlangoni. Alikuwa anatazama lile jani kifuani mwa Tegwen, kama mtu anayengoja maji yaanze kuchemka.

Tarumbeta ya pili.

"Aliyelowa! Simama!"

Mkono wa Tegwen ulipanda. Uliifikia pini, kidole kikachomwa, akaishika. Kuivuta tu, lianguke, watu waone, na Ithel aone. Hapo ndipo alipomwona dada yake.

Nest alikuwa amekaa kwenye kinubi upande wa pili wa jukwaa. Tangu siku ile ya kanisa alizungumza kwa nadra, akawa anapiga kinubi tu, hata unyevu wa huku ulipokivimbisha na nyuzi zikawa zinakatika moja baada ya moja katikati ya wimbo. Sasa mikono yake ilikuwa imetulia juu ya nyuzi na macho yake yamemkazia Tegwen, makubwa, yamejaa maji. Midomo ilitikisika kidogo. Tegwen aliyasoma yale macho vile alivyoyasoma miaka yote. *Usinifanyie hivi. Sio Breese mwingine.*

Mkono ukashuka. Ukarudi ubavuni.

Tarumbeta ya tatu ilikuja na kwenda.

"Kiti hakina mtu," alisema mzee Probert, na sauti yake ilikuwa na hasira ya mtu aliyefiwa. "Na kwa desturi yetu jina halitafutwi. Tuimbe."

Watu wote waliinuka kuimba wimbo wa kwao. Na sasa Ithel Breese naye alisimama, pamoja na kila mtu, wakati kusimama hakukuwa na maana yoyote.

*

Tegwen alimkuta nyuma ya ukumbi, pale pale kwenye makreti. Mvua ilikuwa imeanza, na ndani watu walikuwa wanagombea keki zilizookwa juu ya chuma cha moto na chai.

"Ithel, hili liki sikulivaa mimi!" Tegwen alikuwa anahema. "Nilivaa daffodili, Bi Dilys ndiye…"

"Najua."

"Rangi zilichuja, akakusanya yote, hata langu ambalo…"

"Najua, Teg. Nilikuwa na benchi kichwani. Nilipita dirishani, nikaona anakuchomoa ua, nikaona unamsihi."

Mvua ilimpiga Tegwen usoni na kwa mara ya kwanza maishani aliona ni baridi.

"Uliona? Basi kwa nini hukusimama?"

"Kwa sababu tayari nilikuwa nimejua unanipenda. Hilo sikuhitaji kuliona." Aliongea polepole, bila hasira, na ubaya ulikuwa hapo. "Nilitaka kuona kama utaweza. Nikasema, akilitoa lile jani, hata akiligusa akalitupa tu, nitasimama nipasue feni kwa kichwa. Ukainua mkono. Moyo wangu ulisimama kabla yangu. Halafu ukaushusha."

"Nilimwangalia Nest."

"Nilikuona ukimwangalia."

"Yeye ni dada yangu. Kaka yako alimfanya…"

"Kaka yangu alimfanya vibaya, na mimi nalipa tangu nina ndevu chache. Sikuchoka kulipa. Lakini nikikuoa, kila asubuhi utainua mkono na kila asubuhi utamwangalia Nest. Mimi nitakuwa nimekaa chini ya feni nangoja."

"Nichukue leo. Sasa hivi. Twende hivi hivi nilivyo."

Ithel alitabasamu, na tabasamu lile lilimkata kuliko neno. "Nikikuchukua kwa mlango wa nyuma nitakuwa Caradog. Nilitaka kupewa, Teg. Sikutaka kuiba."

Akanyoosha mkono. Tegwen alidhani anamshika shavu. Yeye akachomoa pini, akalitoa lile liki kifuani mwa Tegwen, akaliweka taratibu juu ya kreti, na pini akamrudishia kiganjani.

"Usije stesheni Jumatatu," alisema. "Nitakuona, nitashuka, na baada ya mwezi tutachukiana."

Akavuka uwanja akiwa na ile suti ya kuazima, mvua ikamlowesha mabega, kisha mgongo, kisha hakuonekana tena.

*

Kiti kisicho na mshindi hukaa kwa mwenyekiti. Kwa hiyo joka la Ah Fook lilifungwa kamba juu ya gari la mzee Probert, miguu imeelekea nje, na kwa kuwa kamba zilikuwa mbovu, Nest na Tegwen walikaa kiti cha nyuma, kila mmoja ametoa mkono dirishani ameshika mguu wa upande wake. Mvua iliwaingia mpaka kwapani.

"Mwoga!" mzee Probert aliupiga usukani. "Mtu anaandika vile, halafu anashindwa kuinua makalio! Mwanamke huyo anayemsema, popote alipo, ameponea chupuchupu. Shikeni vizuri huko nyuma."

"Tumeshika, Tada," alisema Tegwen. Halafu akasema, "Hakuwa mwoga yeye."

"Nani?"

"Hakuna, Tada."

Walipita kituo cha treni, wakapita maduka ya kahawa. Nest alisogea. Harufu ya liki ilikuwa bado kwenye nguo ya mdogo wake, na Nest aliegemeza kichwa karibu nayo, akasema kwa ile sauti yake iliyokaa sana bila kutumika.

"Mbona hukulitoa?"

Tegwen aligeuka. "Nini?"

"Lile jani. Ulishalishika."

"Nest… nilikuona wewe. Ulikuwa unalia. Ulikuwa unaniomba nisi…"

"Nilikuwa nakuomba ulitoe." Machozi yalikuwa yanamteremka Nest bila kelele, vile vile kama jukwaani. "Nilijua ni yeye tangu mstari wa mwamvuli. Nilikuwa nasema, litoe, Teg, litoe. Nilikuwa nasema kwa nguvu zangu zote."

Tegwen alifungua mdomo. Mvua ilizidi, ikapiga bamba la gari juu yao, na lolote alilosema halikusikika, hata kwake mwenyewe.

"Mnasemaje huko?" aliuliza mzee Probert.

"Hatusemi kitu, Tada," alijibu Nest.

"Basi shikeni kiti."

Wakakishika.